Jinsi ya Kutambua Modeli ya Kalamu ya Wino ya Zamani

Mtu anapopata kalamu ya wino ya zamani, iwe ameikuta ndani ya mtoto wa meza au ameinunua pamoja na vitu vingine vikuukuu, jambo la kwanza analolifanya ni kuvua kifuniko na kusoma maandishi ya kwenye nibu, yaani ile ncha ya chuma inayoandika. Ni jambo linaloeleweka, kwa sababu nibu inang'aa na maandishi yake husomeka kwa urahisi. Hata hivyo, nibu ndiyo sehemu inayobadilishwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kalamu ikianguka, nibu ndiyo inayopinda, na fundi huweka ile aliyo nayo, hata kama ilitengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Kifuniko nacho huharibika na kupotea, kisha huazimwa kutoka kalamu nyingine. Kinachobaki kwa uaminifu zaidi ni kiwiliwili cha kalamu, yaani lile bomba linalohifadhi wino, pamoja na utaratibu wa kuvutia wino uliojengwa ndani yake. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kiwiliwili, na nibu inasomwa mwishoni.

Kabla ya kugusa chochote

Kazi ya kutambua modeli haihitaji kuifungua kalamu kwa nguvu. Ndani ya kalamu nyingi za zamani kuna mfuko wa mpira ambao umekauka na kuwa mgumu kama gamba. Ukiinua wenzo wa pembeni kwa nguvu, wenzo huo unaweza kuvunjika au kupasua ukuta wa kiwiliwili. Sehemu isiyozunguka kwa vidole viwili iachwe kama ilivyo. Usiiloweke kalamu nzima katika maji, kwa kuwa eboniti, yaani mpira mgumu, hupoteza weusi wake ikikaa majini, na kaseini, ambayo ilitumika katika baadhi ya kalamu za Uingereza, hufura na kulainika. Spiriti nayo isikaribie seluloidi, aina ya plastiki ya kale. Kitambaa laini na kikavu kinatosha kuondoa vumbi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusugua kalamu kwa dawa ya kung'arisha kabla ya kuisoma. Chapa nyingi zilipigwa kwa kina kidogo sana, na usuguaji wa dakika chache unaweza kufuta ushahidi uliodumu kwa miaka 80. Isome kwanza, iandike kila herufi uliyoiona, kisha ndipo ufikirie habari ya kuing'arisha. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya kukuzia, tochi ndogo, rula yenye milimita na karatasi.

Chapa ya kwenye kiwiliwili

Shika kalamu ili mwanga wa tochi uipige kwa ubavuni, karibu sambamba na uso wake, kisha uizungushe polepole. Maandishi yasiyoonekana kabisa chini ya mwanga wa juu hujitokeza kama vivuli. Yakiwa hafifu bado, pitisha chaki laini juu yake na ufute kwa kidole. Unga utabaki ndani ya mashimo ya herufi na kuzifanya zisomeke. Tazama katikati ya kiwiliwili, karibu na pete ya shingo, kwenye kitako na pia kwenye kirungu cha mkiani, kwa sababu kila kampuni ilikuwa na mahali pake.

Jina la kampuni likishapatikana, tafuta namba. Hapa inafaa kukaa muda mrefu kidogo, maana namba hizo hazikuwa za kubahatisha, na anayejua kuzisoma hupata modeli yote katika tarakimu tatu au nne.

Waterman ya Marekani, iliyoanza na hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya 1884, ilipiga namba kwenye kitako cha kalamu zake za eboniti. Tarakimu ya mwisho ni ukubwa wa nibu, na tarakimu ya makumi ni aina ya kalamu. Namba 52, kwa mfano, ni kalamu ya kujazwa kwa wenzo yenye nibu namba 2, na 55 ni ya aina hiyohiyo yenye nibu namba 5. Namba 12 ni kalamu ya kale ya kujazwa kwa kudondosha wino, na 42 ni ile ambayo nibu yake hurudi ndani kwa kuzungushwa mkiani. Tarakimu zikiongezwa mbele, zinaeleza vazi la chuma lililoifunika: 452 ni namba 52 iliyovikwa fedha halisi, na 0552 imevikwa chuma kilichopakwa dhahabu. Herufi V humaanisha kalamu fupi ya mfuko wa fulana, na nusu iliyoandikwa baada ya namba humaanisha kalamu nyembamba. Mpangilio huu ni wa busara sana, na kila anayeujua hufurahi anapoona kitako ambacho hakijasuguliwa.

Montblanc ya Ujerumani nayo ilitumia tarakimu tatu. Ya kwanza ni daraja: 1 ni Meisterstück, jina lililoanza 1924; 2 ni daraja la kati; na 3 ni daraja la bei nafuu zaidi. Ya pili ni utaratibu wa kujaza, ambapo 4 ni pistoni (bastola ndogo ya ndani inayovuta wino) ya kizazi kilichofuata baada ya Vita Vikuu vya Pili, na ya tatu ni ukubwa wa nibu. Kwa hiyo 149 ni Meisterstück ya pistoni yenye nibu kubwa ya namba 9, na 342 ni kalamu ya daraja la tatu yenye nibu ndogo. Namba 4810 inayoonekana kwenye nibu si modeli hata kidogo. Ni urefu uliozoeleka wa mlima Mont Blanc kwa mita, na wanaoanza hudanganywa nayo mara kwa mara.

Mabie Todd, waliotengeneza kalamu za Swan huko Uingereza, waliandika mchanganyiko wa herufi na namba kwenye kitako. L ni Leverless, kalamu isiyo na wenzo ambayo hujazwa kwa kuzungusha mkia, na SM ni Swan Minor. Tarakimu mbili zinazofuata mkwaju (/) ni za rangi, na 60 ni nyeusi. Conway Stewart, ambao pia walikuwa Uingereza, walipiga namba ya modeli waziwazi chini ya jina, kama vile 58, 84 au 388. Tofauti na Waterman, namba hizo hazivunjiki katika sehemu zenye maana, bali ni majina tu.

Parker wa Marekani hawakuwa na desturi ya kuandika namba ya modeli kwa namna hiyo, lakini walitoa kitu chenye thamani zaidi: tarehe. Kuanzia 1934 waliandika tarakimu mbili, ya kwanza ikiwa robo ya mwaka na ya pili ikiwa tarakimu ya mwisho ya mwaka wenyewe. Mwishoni mwa muongo huo walibadilisha, wakaacha tarakimu moja ya mwaka na kuizungushia nukta: tatu kwa robo ya kwanza, mbili kwa ya pili, moja kwa ya tatu, na hakuna nukta kwa ya nne. Tarakimu 5 yenye nukta mbili, chini ya maneno ya mahali ilipotengenezwa, ni robo ya pili ya 1945. Shida inayojitokeza ni kwamba tarakimu moja haisemi muongo. Parker 51 yenye tarakimu 1 inaweza kuwa ya 1941 au ya 1951, na jibu halimo katika chapa, bali katika utaratibu wa kujaza, kama tutakavyoona.

Pamoja na namba, kuna maandishi ya hataza. Msomaji asichukue mwaka wa hataza kuwa mwaka wa kutengenezwa. Hataza ilipigwa kwenye kalamu kwa miaka mingi baada ya kutolewa, hivyo mwaka wake unakuambia tu kwamba kalamu haikutengenezwa kabla ya hapo. Vilevile, jina la nchi husaidia: kalamu iliyoandikwa W.-Germany ni ya baada ya Ujerumani kugawanyika 1949.

Namna kalamu inavyovuta wino

Ikiwa chapa imefutika, utaratibu wa kujaza ndio shahidi mkuu. Makampuni yalishindana kwa utaratibu huu kuliko kwa jambo jingine lolote, yakaulinda kwa hataza, na yakaubadilisha kila baada ya miaka michache. Kwa sababu hiyo, utaratibu mmoja mara nyingi hutaja kampuni na muongo kwa pamoja.

Kiwiliwili kilicho wazi ndani, kisicho na mfuko wala chombo chochote, ni cha kalamu ya kudondoshewa wino, ambayo ilitawala hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ukiona kipande cha chuma chenye umbo la mwezi mwandamo kimechomoza ubavuni, unashika Conklin, kampuni ya Toledo, Ohio. Hakuna sababu ya kutafuta zaidi. Nibu isiyoonekana hadi mkia uzungushwe ni ya kalamu ya usalama, na hapa kuna tahadhari: irudishe nibu ndani kabisa kabla ya kufunga kifuniko, la sivyo utaiponda.

Wenzo mwembamba uliolala ubavuni ni utaratibu uliopewa hataza ya Walter Sheaffer 1908. Waterman waliingia na wenzo wao 1915, na baada ya hapo karibu kila kampuni ilikuwa na wake, hivyo wenzo peke yake hauthibitishi jina. Tazama ncha yake: Waterman waliuweka ndani ya fremu ndogo ya chuma, na wengine walipiga herufi za kampuni kwenye ncha hiyo. Kitufe kilichofichwa chini ya kofia ya mkiani kinaelekeza kwa Parker wa enzi za Duofold, kalamu iliyotoka 1921 ikiwa na rangi nyekundu ya chungwa iliyoipatia umaarufu, ingawa wengi waliiga kitufe hicho.

Chini ya kofia hiyohiyo ya mkiani kunaweza kuwa na kijiti kinachobonyezwa na kurudi chenyewe. Huo ni utaratibu wa Vacumatic wa Parker wa miaka ya 1930, na kijiti chenyewe kina historia inayosaidia. Cha kwanza kilikuwa cha alumini na kilijifunga chini kwa kuzungushwa. Kuanzia takriban 1937 kilikuwa cha alumini kisichojifunga, na kuanzia takriban 1942, wakati alumini ilipohitajika vitani, kikawa cha plastiki. Mtu anayeshika Vacumatic isiyo na tarehe inayosomeka anaweza kuiweka katika kipindi cha miaka mitano au sita kwa kufungua kofia hiyo tu.

Sheaffer wa Fort Madison, Iowa, walipita njia yao. Mwaka 1949 walileta Touchdown, ambamo mrija wa chuma huvutwa nje mkiani na kusukumwa ndani ili hewa ibane mfuko. Mwaka 1952 waliongeza kijirija chembamba kinachojitokeza chini ya nibu unapozungusha mkia, wakauita Snorkel, ili nibu isichovywe katika wino kamwe. Hakuna kalamu nyingine unayoweza kuichanganya na Snorkel. Ugumu uko ndani ya Snorkel zenyewe, kwa kuwa ziliuzwa kwa majina mengi, kama Saratoga, Admiral, Sentinel, Statesman na Valiant, huku mwili ukiwa uleule. Majina hayo hutofautishwa kwa aina ya nibu, upana wa pete ya kifuniko, chuma cha kifuniko na kuwepo au kutokuwepo kwa nukta nyeupe. Hapo mtu hulazimika kutegemea kifuniko, na ndiyo sababu kwa Snorkel napendelea kuandika jina la modeli kwa penseli hadi nithibitishe kwamba kifuniko na kiwiliwili vina rangi moja, uchakavu unaolingana, na mikunjo ya skrubu inayofungana bila kulegea.

Pistoni inayozungushwa mkiani, ikiwa na dirisha angavu karibu na shingo, inaelekeza kwanza kwa Ujerumani. Pelikan walianza nayo 1929 kwa kalamu iliyokuja kuitwa 100, na 400 yenye mistari ikafuata 1950. Juu ya kifuniko cha Pelikan za mwanzo kuna ndege na vifaranga wanne. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vifaranga walipunguzwa kuwa wawili. Kuwahesabu vifaranga kwa lenzi ni kipimo rahisi na cha kuaminika.

Kalamu za katriji, yaani kichupa cha wino kinachopachikwa na kubadilishwa, ni za baadaye zaidi. Waterman C/F ilitoka 1953 na Parker 45 ikafuata 1960.

Umbo, vipimo na malighafi

Umbo huweka kalamu katika zama zake. Ncha zilizokatwa bapa zilikuwa kawaida hadi 1929, mwaka ambao Sheaffer walileta Balance yenye ncha zilizochongoka kama sigara, na washindani wakalazimika kufuata. Kalamu yenye pembe 12 inafaa kulinganishwa na Doric ya Wahl-Eversharp, na kifuniko kikubwa chenye kilele cha mviringo kinachofunikwa na klipu kinafanana na Skyline ya kampuni hiyohiyo ya 1941, iliyobuniwa na Henry Dreyfuss.

Pima urefu kalamu ikiwa imefungwa, kisha pima kiwiliwili peke yake, na unene mahali palipo panene zaidi. Vipimo hutenganisha ndugu wa familia moja: Parker 51 ya kawaida ina milimita 138 hivi, na ile ndogo iko karibu na milimita 128. Kalamu za kampuni ya Marekani ya Esterbrook, yaani J, LJ na SJ, ambazo kwa picha ni vigumu kuzitofautisha, hutenganishwa na urefu na unene, kwa kuwa LJ ni ndefu kama J lakini nyembamba, na SJ ni nyembamba na fupi.

Malighafi hutambuliwa kwa kusugua kiwiliwili kwa kidole gumba hadi kipate joto, kisha kunusa. Eboniti hutoa harufu ya kiberiti, na seluloidi hutoa harufu ya kafuri. Eboniti nyeusi iliyokaa kwenye mwanga hugeuka kuwa ya kahawia, na rangi hiyo yenyewe ni ushahidi. Wako wanaoshauri kuchoma kwa sindano ya moto ili kupata harufu. Tafadhali usifanye hivyo, kwa sababu seluloidi hushika moto haraka, na tundu ulilolitoboa halizibiki.

Nibu, hatimaye

Sasa nibu inaweza kusomwa, si ili ikutajie modeli, bali ili uone kama inakubaliana na ulichokwisha kukijua. Alama 14K na 585 zina maana moja, dhahabu ya karati 14, na 750 ni karati 18. Kalamu ya Pelikan yenye nibu ya chuma cha pua iliyopigwa herufi CN haijapunguzwa thamani na fundi. Dhahabu ilizuiwa kwa nibu nchini Ujerumani kuanzia 1938, na nibu hiyo ni ya asili ya kipindi hicho. Maneno WARRANTED 14 ni tamko la jumla la ubora, lililopigwa kwenye nibu za makampuni mengi madogo na za akiba, na hayataji mtengenezaji. Hali kadhalika maneno Iridium Point Germany yaliyo kwenye nibu nyingi za bei rahisi za miaka ya karibuni: ukiyaona kwenye kiwiliwili cha 1930, jua kwamba nibu ilibadilishwa.

Nibu za Esterbrook zilitengenezwa zikiwa za kubadilishana kwa kuzungusha tu, hivyo namba kama 2668 au 9668 inaeleza nibu na haielezi kalamu. Pilot wa Japani, kwa upande mwingine, walipiga tarehe kwenye nibu: herufi ya kiwanda ikifuatiwa na mwezi na mwaka, kwa mfano H468 kwa Aprili 1968. Tarehe hiyo ni ya nibu, na inafaa pale tu ambapo hakuna dalili ya kubadilishwa.

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua kalamu nyeusi yenye kifuniko cha chuma, klipu ya umbo la mshale, na nibu iliyofichwa ndani ya shingo hadi ncha pekee ionekane. Wengi wataiita Parker 51 papo hapo, lakini umbo hilo ni la kundi zima: 51 iliyotoka 1941, 21 ya bei nafuu ya 1948, 61 ya 1956, na pia Hero 616 ya China iliyoiga 51. Ikiwa juu ya shingo kuna mshale mdogo wa chuma uliopachikwa, ni 61. Maandishi ya Hero kwenye kifuniko au kiwiliwili humaliza mjadala upande mwingine. Nibu ya chuma iliyoitwa Octanium inaelekeza kwa 21, ambayo mara nyingi plastiki ya shingo yake ina nyufa.

Tuseme hakuna kimojawapo cha hivyo, na kiwiliwili kina jina la Parker na tarakimu 0. Jaribu kuzungusha mkia kwa upole. Haufunguki, lakini kiwiliwili kizima kinafunguka katikati na kuonyesha ala ya chuma yenye maelekezo ya kujaza na jina la Parker 51. Huo ni utaratibu wa Aerometric, ambao ulianza 1948 badala ya Vacumatic, hivyo 0 haiwezi kuwa 1940, ni 1950. Kwa hoja hiyohiyo, ile 51 ya tarakimu 1 iliyotajwa juu ingekuwa ya 1941 kama ingekuwa na kijiti cha Vacumatic mkiani.

Sasa tazama klipu. Ina almasi ndogo ya rangi ya buluu juu ya mshale. Parker waliitumia almasi hiyo kuonyesha dhamana ya maisha kuanzia 1939, na waliiondoa takriban 1947. Kalamu ya 1950 haikutoka kiwandani nayo. Vifuniko vya 51 huingiliana bila shida, na hiki kimetoka kwa dada yake mkubwa. Kwenye karatasi yako andika: Parker 51, Aerometric, kiwiliwili cha 1950, kifuniko cha kabla ya 1948.